Nani Anashika Ufunguo? Tahakiki ya Pakeji-Mtoto katika Lugha ya Ada

Nyumbani kwetu Koboko, mama yangu ni mmoja wa wanawake watatu wanaoshika funguo za sanduku la kikundi cha akiba. Sanduku lina kufuli tatu. Halifunguliwi mpaka wote watatu wawepo mbele ya wanachama, na kila mwanachama anawajua kwa majina. Mwaka jana, mimi na mwanafunzi mwenzangu hapa Arua tulianza kuandikia kikundi hicho programu ya hesabu. Tulichagua Ada kwa sababu iliundwa kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani na ina sifa ya ukali. Hapo ndipo nilipoiona kasoro ninayoihakiki.

Pakeji mzazi tuliiita Akiba. Tangazo lake lilikuwa na sehemu ya juu, ya kutumiwa na kila mtu, yenye Weka na Toa. Na sehemu ya chini, baada ya neno "private", yenye muundo wa akaunti pamoja na salio. Tuliamini kwamba salio haliguswi ila kupitia Weka au Toa, ambazo kila zinapoitwa huandika mstari katika daftari. Kisha mwenzangu akaandika pakeji-mtoto, Akiba.Ripoti. Jumla zilipopishana kwa shilingi 15,000, alilibadilisha salio moja kwa moja ndani ya mwili wa Ripoti. Kompaila haikulalamika. Ripoti ilitoka safi, sanduku likawa na hesabu nyingine, na mama akaulizwa maswali mbele ya kikundi.

Mwenzangu alikosa, na amekiri. Lakini lugha ndiyo iliyomfungulia mlango. Katika Ada ya 1983 maktaba yote ilikuwa ngazi moja: ukitaka pakeji mbili zishirikiane siri, ama uzibane ndani ya pakeji moja kubwa, ama uianike siri kwa wote. Ada 95 ilileta watoto, na sehemu ya "private" ya mzazi ikaonekana katika sehemu ya "private" ya mtoto na katika mwili wake. Ni nafuu kubwa. Tatizo ni kwamba mzazi hawataji watoto wake. Yeyote anaweza kuandika faili jipya, akaliita Akiba.Chochote, bila kugusa hata herufi moja ya Akiba, akaingia ndani. Katika C++ klasi hutaja marafiki zake yenyewe. Katika Eiffel unaweza kuorodhesha klasi zinazoruhusiwa kutumia kipengele fulani. Sanduku la Koboko liko upande wa Eiffel.

Watetezi wa Ada watanijibu kwamba yapo matangazo ya mtoto wa faragha. Nimeyajaribu. Pakeji iliyotangazwa "private package Akiba.Leja" haiwezi kuitwa na mtu wa nje ya ukoo, na tangu Ada 2005 maneno "private with" yanaruhusu tangazo la ndugu yake kuitumia, katika sehemu ya chini tu. Ni kinga nzuri dhidi ya wageni. Ripoti si mgeni, ni mwanaukoo.

Kilichotusaidia ni mwili wa mzazi, maana kinachotangazwa humo hata mtoto hakioni. Katika sehemu ya "private" tumebakiza aina isiyokamilika na kielekezi cha kuonyesha akaunti ilipo. Muundo wenyewe, salio likiwemo, tumeukamilisha mwilini. Gharama ipo. Akiba imenenepa kwa vitendaji vidogo vya kusoma majina na tarehe ambazo zamani Ripoti ilijisomea yenyewe, na mwenzangu anasema mwili huo unachosha kusoma. Hakosei. Hata hivyo, tulipojenga maktaba upya, kompaila iliukataa ule mstari wake wa zamani. Jioni hiyo nilimpigia mama simu Koboko kuuliza kikundi kinakutana lini, ili hesabu zirudiwe sanduku likiwa wazi na wale watatu wakiwepo.