Mavi ya Chuma ya Kemondo

Mavi ya chuma, yaani taka zinazobaki chuma kikiyeyushwa, hayavutii macho. Ni meusi, mazito kuliko umbo lake, yamejaa vitundu kama mkate ulioumuka, na upande mmoja huwa yameganda yaking'aa. Mkulima wa Kemondo au Maruku, kusini mwa Bukoba, akiyagonga kwa jembe kwenye migomba yake huyaokota na kuyatupa mpakani, kwa kuwa yanaharibu ncha ya jembe. Jembe lenyewe limetoka kiwandani, pengine ng'ambo. Vitu hivyo viwili, jembe na mavi, vikikutana shambani havijuani tena.

Wapo mafundi wa kale walioachiwa zaidi ya taka: watalii wanaokwenda Pompeii, Italia, huingizwa katika karakana ya dobi Stephanus. Humo wanaonyeshwa mabirika ambamo nguo zilikanyagwa kwa miguu katika maji yaliyotiwa mkojo, ndiyo sabuni ya siku zile. Volkano ya Vesuvio iliifunika karakana hiyo mwaka 79, na kuta zake zimebaki zimesimama. Pwani ya magharibi ya Ziwa Victoria, karibu na wakati huohuo, watu walikuwa wakiyeyusha chuma, nao hawakuwa na majivu ya volkano ya kuwahifadhia kazi. Tanuri lilijengwa kwa udongo, na kazi ikiisha lilibomolewa ili bonge la chuma litolewe. Wakabakiza shimo, makaa, vipande vya mirija ya udongo, na hayo mavi. Kwa maoni yangu, fundi anayesomeka kwa takataka zake tu anastahili heshima zaidi kuliko yule aliyeachiwa nyumba nzima.

Anayetaka kuujua ufundi huo, akiwa Mwanza, hahitaji kuanza mbali. Katika makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, mna nyumba ya wahunzi yenye zana zao. Majembe ya Usukuma kwa sehemu kubwa yalitoka kwa Warongo, wahunzi wa Uzinza na Geita, yakavushwa au kubebwa kichwani, na mengine yakaishia kulipwa mahari. Bujora inakuonyesha nyundo na mivukuto. Haikuonyeshi jiwe linavyogeuka chuma, na hapo ndipo penye ufundi wenyewe. Kwa hilo, panda meli ya Bukoba.

Kusini mwa Bukoba, katika kijiji cha Katuruka kule Maruku, wazee walikuwa na simulizi juu ya Rugomora Mahe, mfalme wa Kyamutwara wa karne ya 17. Walisema aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufika mbinguni, nao wakaufulia chuma chake mahali paitwapo Kaiija, penye mti mkubwa wa matambiko. Mwanaakiolojia wa Marekani, Peter Schmidt, aliyefika Buhaya, nchi ya Wahaya, mwaka 1969, alifanya jambo ambalo wasomi wengi wa wakati wake wasingelifanya: aliwasikiliza wazee, kisha akachimba pale walipomwonyesha. Mnara hakuupata, ila masalia ya uhunzi aliyakuta, tena ya kale kuliko mfalme huyo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Pamoja nayo vilikuwamo vigae vya vyungu vya Urewe, vile vinavyojulikana kwa jina la kijiji kilichoko Siaya, Kenya. Jina la mfalme lilikuwa limepandikizwa juu ya kumbukumbu ya zamani zaidi, na kumbukumbu hiyo haikupotea njia.

Mashimo ya matanuri mengine ya kale yalichimbuliwa karibu na ghuba ya Kemondo. Swali likawa: yalifanyaje kazi? Mwaka 1976 Schmidt, pamoja na Donald Avery, profesa wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Brown, waliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tanuri kama walivyolijenga ujanani. Chuma cha kununua kilikuwa kimeiua kazi hiyo, na wazee hao walikuwa hawajaigusa kwa takriban miaka 50. Wakalijenga tanuri kwa kumbukumbu ya mikono.

Kwanza walichimba shimo na kulikandika udongo wa kichuguu. Mchwa hujengea chembe laini za udongo, na udongo wake huvumilia moto ambao udongo wa kawaida ungepasukia. Kisha wakakata matete bwawani, wakayachoma ndani ya shimo hadi likajaa matete meusi yaliyoungua bila kuwa majivu. Juu ya shimo wakainua ukuta wa mviringo, mpana chini na mwembamba juu. Matofali yake? Mabonge ya mavi ya chuma ya kazi zilizopita, yakiunganishwa kwa udongo uleule wa kichuguu. Hapa mimi husimama kidogo kila ninapoitafakari kazi hii: taka za tanuri la jana ndizo ukuta wa tanuri la leo.

Mirija minane ya udongo ikapenyezwa chini ya ukuta, kila mmoja na mvukuto wake wa ngozi ya mbuzi. Mirija haikuishia ukutani, iliingia ndani hadi kwenye moto. Mtapo, lile jiwe lenye chuma, ulichomwa kwanza kwa kuni, kisha ukamiminwa kwa juu ukipishana na makaa, na wavutaji wakapokezana kwa nyimbo kwa saa nyingi. Ndani ya tanuri mavi yaliyoyeyuka yalidondokea kwenye matete. Yalikuwa bado na chuma ndani yake, na kaboni ya matete ikakikamua. Kwa hiyo matete hayakuwa kiwashio cha moto tu. Yalikuwa sehemu ya dawa, na kwa kazi yao bonge lililotoka lilikuwa na kaboni ya kutosha kuitwa feleji.

Kulikuwa na miiko pia. Tanuri lilihesabiwa kama tumbo la mama, na mfanyakazi alijitenga na mkewe hadi kazi iishe. Anayeyacheka hayo akumbuke kwamba kazi ya siku nzima isiyoruhusu kusinzia inahitaji watu waliojifunga kwa kiapo.

Schmidt na Avery walitangaza matokeo yao mwaka 1978. Walisema joto lilipita nyuzi 1,800 za Selsiasi, na kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mirija kabla ya kutoka, jambo ambalo Ulaya ililianza katika karne ya 19. Magazeti ya dunia yalishangilia. Wataalamu wengine wa madini wakapinga: hewa ipitayo mbio katika mrija mfupi haipati nafasi ya kupata moto kiasi hicho. Sisi Watanzania tuna desturi ya kuwatania Wahaya kwa majivuno, na kwa jambo hili wana haki ya kujivuna, lakini nadhani wamepewa sababu isiyo sahihi. Hata ukiiondoa hoja ya hewa moto, matete yale na ukuta ule wa mavi vinatosha kuonyesha akili iliyokuwapo. Kumpima mhunzi wa Kemondo kwa Uingereza ya viwanda ni kumpunguzia hadhi.

Wala tusimfanye malaika. Makaa yalitoka msituni, na tanuri lilikuwa na njaa. Schmidt aliamini kwamba wahunzi wa kale walipunguza misitu ya ufukweni hadi ikawabidi wahame au wabadili miti waliyochoma.

Leo Katuruka inapokea wageni kwa sababu wanakijiji wenyewe waliamua kupafufua, wakaijenga upya nyumba ya nyasi ya Rugomora. Wazee waliojenga tanuri mwaka 1976 hawapo tena, na ujuzi mwingi wameondoka nao. Unaobaki uko ardhini. Ndiyo maana ukikutana na mavi ya chuma shambani, usiyachukue kama ukumbusho wa safari. Yakihamishwa hayasemi tena yalikuwa upande gani wa shimo wala yalidondoka juu ya nini. Yaache, kisha umjulishe mwenyekiti wa kijiji au ofisi ya utamaduni ya halmashauri. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na mirija ya Kemondo imeupita mwaka huo kwa mbali sana.