Gia Ikikwaruza, Anza na Rivasi

Pikapu ya dizeli ya gia tano inaingia gereji, na dereva ameshatoa hukumu: gia zinakwaruza, giaboksi imekwisha. Gereji nyingi hapo hapo huchukua jeki na spana. Fundi ninayemzungumzia aliuliza kwanza: inakwaruza gia ipi, na gari likiwa limesimama au linatembea?

Kukwaruza maana yake meno yanayozunguka kwa kasi tofauti yamelazimishwa kushikana. Ama klachi haiachii vizuri, kwa hiyo injini inaendelea kuzungusha shafti inayoingia kwenye giaboksi. Ama klachi inaachia, ila sinkronaiza ya gia husika imechoka na haiwezi tena kusawazisha kasi. Tatizo la klachi mara nyingi humalizwa bila kushusha giaboksi. La sinkronaiza halikwepeki: lazima ifunguliwe.

Akaanza na rivasi. Kwenye giaboksi nyingi za magari ya kazi, rivasi haina sinkronaiza, hivyo ubovu wa klachi hauna pa kujificha. Injini ikiwa kwenye sailensa, alikanyaga klachi mpaka chini, akasubiri sekunde nne au tano shafti isimame, ndipo akaweka gia. Ikakwaruza. Akazima injini na kupitisha gia zote; zikaingia laini, kwa hiyo mkono wa gia na vyuma vyake havikuwa na kosa. Akawasha tena, akapampu pedali mara tatu harakaharaka, akajaribu rivasi. Safari hii iliingia kimya.

Hapo ndipo utambuzi ulipokamilika. Klachi nzima haihitaji kupampuliwa. Ikipata nafuu kwa kupampuliwa, basi mafuta hayasukumi inavyotakiwa: kuna upepo kwenye mfumo, au pampu inapitisha. Fundi alipeleka kidole nyuma ya pedali, pale chuma cha kusukuma kinapoingia kwenye pampu ya juu, kikarudi kimelowa mafuta. Pampu ikabadilishwa, upepo ukatolewa, rivasi ikatulia. Kama kupampu kusingesaidia, angehamia kwenye klachi pleti, presa pleti na ile beringi ndogo ya nyuma ya injini, ambayo ikikwama huburuta shafti hata pedali ikiwa chini.

Barabarani, hata hivyo, gia ya pili iliendelea kukwaruza kila aliporudi kutoka ya tatu. Nyingine zote zilikuwa safi. Gia moja tu, gari likiwa linatembea: hiyo ni dalili ya sinkronaiza. Kifaa hiki, ambacho Cadillac ilikileta kwenye magari yake mwaka 1928, hutegemea ringi, mara nyingi ya shaba, inayobana koni ya gia mpaka kasi zilingane, ndipo meno yashikane. Fundi alithibitisha kwa klachi mbili: kanyaga, toa gia, achia, gusa mafuta, kanyaga tena, weka ya pili. Kelele ikatoweka. Alikuwa amefanya kwa mguu kazi ambayo ringi ilishindwa.

Kwangu, ubovu huu wa pili ni mtoto wa ule wa kwanza. Klachi isipoachia, ringi inalazimika kufunga breki shafti inayosukumwa na injini, na inasagika kila gia inapobadilishwa. Anayeivumilia rivasi inayokwaruza analipia baadaye kwa ringi.

Oili nayo ina maneno yake, na inasikitisha inavyopuuzwa. GL-5 imetengenezwa hasa kwa ajili ya difu. Ikiwekwa kwenye giaboksi inayodai GL-4, inaweza kuifanya ringi iteleze badala ya kubana, na baadhi ya aina zake hudhuru shaba. Soma kitabu cha gari kabla ya kununua. Ukimwaga ya zamani, iangalie juani: vumbi la rangi ya dhahabu limetoka kwenye ringi, vipande vya chuma vilivyonasa kwenye sumaku ya boliti vimetoka kwenye meno au beringi.

Siku giaboksi itakapofunguliwa, pima kwa fila geji nafasi kati ya ringi na gia, ulinganishe na kipimo cha kiwanda. Kisha kagua meno madogo ya gia yenyewe. Yakiwa yameshaviringika ncha, ringi mpya peke yake haitazuia gia kukwaruza au kuchomoka.