Bilioni ya Facebook ilitimia lini hasa?

Tarehe 14 Septemba 2012, saa 6:45 mchana kwa saa za California, Facebook ilifikisha watumiaji bilioni moja kwa mwezi. Huku kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa 4:45 usiku. Mark Zuckerberg aliitangaza habari hiyo tarehe 4 Oktoba, na vyombo vya habari vikaandika kwamba binadamu mmoja katika kila saba sasa anatumia mtandao huo.

Dakika ilitajwa, saa ikatajwa. Lakini wiki chache kabla ya hapo, kampuni hiyohiyo ilikuwa imewasilisha kwa wasimamizi wa soko la hisa la Marekani taarifa inayoonyesha kwamba usahihi wa kiasi hicho haukuwapo. Anayetaka kujua namna mitandao inavyohesabu watu wake aanzie kwenye taarifa ile, kabla ya kulitazama tangazo la sherehe.

Kwanza, nani alihesabiwa? Aliyejisajili, kisha akaingia kwenye akaunti yake walau mara moja ndani ya siku 30 zilizopita, iwe kwa kompyuta au kwa simu, au akatuma kitu Facebook kupitia tovuti nyingine iliyounganishwa nayo. Kigezo hiki kina busara. Hata Safaricom hutumia kipimo cha mwezi mmoja inapotaja wateja hai wa M-Pesa, maana akaunti iliyosahauliwa tangu mwaka juzi si mwanachama wa chochote. Ila dirisha la siku 30 husogea kila siku. Leo wanaingia wapya, leo hiyohiyo wanatoka walionyamaza mwezi mzima. Hesabu ya namna hii inaweza kuvuka bilioni asubuhi na kurudi chini yake jioni.

Pili, uwahesabu vipi watu wengi hivyo bila kumrudia mtu aliyeingia mara arobaini kwa siku? Ukiandika orodha ya namba zote za akaunti, kila namba ikichukua baiti 8, bilioni moja hula gigabaiti 8, na bado hujaanza kulinganisha orodha za maelfu ya seva ili kuondoa marudio. Mwaka 2007 Philippe Flajolet na wenzake wa Ufaransa walichapisha njia ya mkato iitwayo HyperLogLog, ambayo baadaye wahandisi wa Facebook waliiingiza kwenye Presto, mfumo wao wa kuchambua data.

Kila namba ya akaunti hupitishwa kwenye fomula inayoigeuza kuwa mfululizo wa sifuri na moja, kana kwamba umerusha shilingi mara nyingi. Kisha unatazama jambo moja tu: mfululizo huo umeanza na sifuri ngapi. Kuanza na sifuri 10 hutokea takriban mara 1 katika 1,024. Kuanza na sifuri 30 hutokea takriban mara 1 katika bilioni. Kwa hiyo huna haja ya kutunza majina, unatunza rekodi ya sifuri nyingi zaidi ulizowahi kukuta. Na kwa kuwa namba moja yenye bahati inaweza kuharibu makadirio, akaunti hugawanywa katika mafungu mengi, kila fungu na rekodi yake, kisha hutafutwa wastani. Akaunti ikirudi mara ya pili hutoa mfululizo uleule, na rekodi haisogei. Yote hayo hutoshea kwenye kilobaiti 1.5, kwa kosa la kawaida la asilimia 2. Ni kazi ya akili kubwa kweli. Lakini asilimia 2 ya bilioni ni watu milioni 20.

Hata ukihesabu moja baada ya nyingine bila kukosea, bado umehesabu akaunti, hujahesabu watu. Hapa ndipo taarifa ile ina thamani. Facebook ilichukua sampuli ya akaunti, ikazikagua, ikakadiria kwamba kati ya akaunti hai milioni 955 za mwisho wa Juni 2012, asilimia 4.8 zilikuwa akaunti za ziada za mtu mmoja, asilimia 2.4 ziliwekwa kundi lisilo lake, kama biashara au mnyama wa nyumbani aliyefunguliwa ukurasa wa mtu, na asilimia 1.5 zilifunguliwa kwa nia mbaya. Jumla ni asilimia 8.7, takriban akaunti milioni 83.

Ukizitoa kwa uwiano huo, bilioni ya Septemba inabaki kama milioni 913. Mwisho wa Desemba akaunti hai zilikuwa bilioni 1.06 na makadirio ya zisizo halali yameshuka hadi asilimia 7.2, na bado hesabu haifiki bilioni. Ilipofika Machi 2013, kwa akaunti bilioni 1.11, ndipo inavuka. Kwa hesabu yangu, basi, watu bilioni moja walitimia mwanzoni mwa 2013, na hakuna anayeweza kuitaja siku.

Twitter ilionyesha hatari nyingine. Oktoba 2017 ilikiri kwamba tangu mwisho wa 2014 ilikuwa ikiwajumlisha watu waliotumia programu za kampuni nyingine zilizopitishia kwake SMS za kuthibitisha namba za simu. Watumiaji wa robo ya pili ya 2017 wakashuka kutoka milioni 328 hadi 326. Aprili 2022 ikakiri tena: tangu Machi 2019, mtu aliyeunganisha akaunti zake kadhaa alipotumia moja, zote zilihesabiwa kuwa zimetumika siku hiyo. Makosa yote mawili yaliongeza idadi, na yote mawili yalidumu karibu miaka mitatu. Namba inayopendeza haina wa kuikagua.

Kwa hiyo wewe unayesimamia jumuiya inayokaribia elfu kumi au milioni yake ya kwanza, kabla hujatengeneza bango la pongezi, chukua akaunti 500 bila kuchagua, zikague moja moja, na uandike ngapi ni za mtu yuleyule na ngapi ni bandia. Kama ni asilimia 9 hivi, makadirio yako kwa kawaida hayatakosea kwa zaidi ya pointi 2 au 3 za asilimia. Kisha weka kiwango hicho kwenye bango lenyewe, pamoja na siku ulizotumia kumwita mtu mwanachama hai.