Ukimya wa Mpaka: Tahakiki ya Masharti ya Mipaka katika Uigaji wa Mkondo wa Umeme kwa Mbinu ya Elementi Finiti

Tahakiki hii inachunguza namna masharti ya mipaka yanavyoteuliwa, na hasa namna yanavyokaguliwa, katika uigaji wa mkondo wa umeme kwa mbinu ya elementi finiti. Ni kawaida ya ripoti za fani hii kuueleza wavu wa elementi kwa kirefu na kuupamba kwa michoro ya rangi, ilhali masharti ya mipaka hupewa sentensi moja. Mpangilio huo umepinduka. Mlinganyo unaotawala mkondo usiobadilika ndani ya kipitishi ni ule ule kwa kila tatizo. Kinachotofautisha elektrodi ya ethi na fyuzi, au fyuzi na kifua cha mgonjwa, ni umbo, ukinzani wa mata na yale yanayosemwa mpakani.

Kosa linalostahili kutangulizwa ni lile lisilotoa ishara. Uso ambao mtafiti hakuuandikia sharti lolote hauachwi wazi: hesabu yenyewe huuchukulia kuwa umehamiwa, yaani hakuna mkondo unaouvuka. Ichukuliwe elektrodi ya volti 100 iliyozikwa katika bonge la udongo, na nyuso nyingine zote zikasahauliwa. Programu itakamilisha kazi bila onyo, na jibu litakuwa volti 100 katika kila nukta ya udongo na mkondo sifuri. Jibu hilo ni sahihi kabisa kwa swali lililoulizwa, ila hakuna aliyekusudia kuliuliza.

Mtafiti akitoa mkondo badala ya volteji, na nyuso zote zikabaki na sharti la Neumann, hali huwa nyingine. Mkondo unaoingia usipolingana na unaotoka, tatizo halina suluhisho. Ukilingana, suluhisho hujulikana kwa tofauti tu, kwa kuwa hakuna nukta iliyowekwa kuwa sifuri. Wahandisi wa miundo, ambao mwenzao Ray Clough ndiye aliyeipa mbinu hii jina mwaka 1960, walilijua jambo hilo kwa sura ya boriti isiyo na nguzo. Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni kuipa nodi moja volti sifuri. Dawa hiyo inafaa pale tu ambapo mikondo imelingana. Vinginevyo nodi hiyo humeza mkondo wote uliosalia, na kadiri wavu unavyofanywa kuwa mdogo zaidi, ndivyo volteji karibu nayo inavyozidi kuharibika. Kujumlisha mkondo unaovuka kila uso ni kazi ya dakika chache, na kungefichua kasoro hiyo kabla ya mchoro wowote kuchorwa.

Uso wa elektrodi nao una utata wake. Kuupa mkondo uliosambazwa sawasawa ni kukana kwamba metali ina volteji moja, na kwamba mkondo hujazana kingoni. Kuupa volteji moja bila kujali tabaka la mgusano ni kosa la upande wa pili. Katika upigaji picha wa mwili kwa mkondo wa umeme, Cheng na wenzake walionyesha mwaka 1989 kwamba modeli iliyojumuisha ukinzani wa mgusano ililingana vizuri na volteji zilizopimwa. Somersalo, Cheney na Isaacson wakathibitisha mwaka 1992 kwamba modeli hiyo ina suluhisho, na ni moja tu.

Hata hivyo, mpaka wenye hadaa kubwa zaidi ni ule wa mbali, kwa sababu haupo katika uhalisia. Ichukuliwe nusu tufe ya metali yenye nusu kipenyo cha mita 0.5, imezikwa hadi usawa wa ardhi katika udongo wa omu-mita 100. Kanuni inayotokana na mlinganyo wa Laplace hugawanya ukinzani mahususi wa udongo kwa 2π mara nusu kipenyo, na kutoa omu 31.83. Ardhi haina ukomo, lakini wavu lazima uishie mahali. Ukiishia mita 5 kutoka kitovuni kwa volti sifuri, jibu ni omu 28.65, pungufu kwa asilimia 10. Kuongeza elementi hakusaidii: hesabu huikaribia 28.65 kwa usahihi unaozidi kupendeza.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mkondo wa hitilafu wa ampea 100 ukiingizwa, volteji ya hatua kati ya mita 1 na mita 2 ni volti 796 katika hesabu zote mbili, kwa kuwa mpaka huo husogeza kiwango cha volteji bila kugusa mteremko wake. Mkaguzi anayepima volteji ya hatua peke yake ataridhika. Lakini bomba la chuma linalotoka mbali huja na volteji ya huko, karibu sifuri. Anayeligusa huku ameishika elektrodi hukabili volti 3,183, si 2,865 zilizoandikwa katika ripoti. Kosa limeegemea upande wa kuua.

Sharti la Robin, linalofunga mteremko wa volteji kwa volteji yenyewe ikigawanywa kwa umbali, huondoa kasoro hiyo yote kwa nusu tufe katika udongo wa aina moja. Udongo wenye matabaka hauna huruma hiyo. Njia inayobaki ni kurudia hesabu kwa mipaka miwili iliyo mbali vya kutosha, kwa kuwa upungufu hupungua kwa uwiano kinyume na umbali. Katika mfano huu, mpaka wa mita 10 unatoa omu 30.24, mara mbili ya hiyo, ukitoa 28.65, ni 31.83.