KINYAGO KINASAFIRI, MCHONGAJI ANABAKI
Uchambuzi wa safari ya maonyesho ya George Lilanga

Katika madarasa yetu ya itikadi tumezoea kuuchambua mkonge, pamba na kahawa. Tunauliza: nani amezalisha, nani amesafirisha, nani amepanga bei, na nani amefaidi? Maswali hayo ni sahihi, na yamewasaidia wengi kuuelewa unyonyaji unavyofanya kazi. Lakini ni mara chache tunayaelekeza kwenye kinyago. Kinyago tunakitazama kama pambo la ofisi au zawadi ya mgeni, kana kwamba hakikutoka katika jasho la mtu wala hakikupita sokoni.

Makala haya yanakusudia kupunguza upungufu huo kwa kuichambua safari ya maonyesho ya msanii mmoja, Ndugu George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 katika Wilaya ya Masasi na kufariki Dar es Salaam mwezi Juni mwaka 2005.

Sababu ya kuandika ilitoka darasani. Hapa Dodoma, katika somo la utamaduni na ukombozi, nilibandika ukutani picha chache za kazi za Lilanga nilizozipata katika kitabu cha maonyesho kilichochapishwa Ulaya. Wanafunzi walicheka kwanza kwa kuona masikio makubwa na matumbo yaliyofura. Baadaye wakaanza kubishana: huyu anatwanga, huyu anacheza ngoma, huyu amelewa. Ndipo mwanafunzi mmoja kutoka Mpwapwa akauliza: "Mwalimu, tukitaka kuziona zenyewe, siyo picha, twende wapi?" Nikaanza kutaja miji ya Ulaya, kisha nikanyamaza. Nilikuwa nimefundisha somo lile kwa miaka kadhaa bila kujiuliza swali hilo.

MIZIZI YA KAZI YAKE

Lilanga alikuwa Mmakonde, na kama vijana wengi wa jamii yake alianza kuchonga angali mdogo, kwa mizizi ya mihogo, kabla ya kukabidhiwa miti migumu. Jambo hili si dogo. Mtoto anayejifunza kwa mzizi wa muhogo hufundishwa na maumbile yenyewe: mzizi tayari una tumbo, una shingo, una mguu uliopinda. Kazi ya kisu ni kukitoa nje kile ambacho jicho limekwisha kukiona ndani.

Huo ndio msingi wa uchongaji wa Kimakonde uliokua Dar es Salaam katika miaka ya 1950 na 1960, ulioletwa kwa sehemu kubwa na wachongaji waliovuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji. Inasimuliwa kwamba mchongaji Samaki Likankoa alivunjikiwa mkono wa sanamu aliyokuwa akiichonga, na badala ya kuitupa akaiendeleza hivyo hivyo. Kutokana na kazi hiyo ukazaliwa mtindo wa shetani, yaani viumbe wa porini na wa majini, nusu mtu na nusu mnyama. Clements Ngala naye alipata sifa kwa mtindo wa mawingu, ambao hauna uso wala kiungo, bali mkunjo wa umbo unaojizungusha kama wingu. Na Roberto Yakobo Sangwani anatajwa kwa nguzo ya watu waliobebana, ambayo baadaye ilijulikana kote kwa jina la Ujamaa.

Mchongaji wa aina hii haigi maumbile. Anashauriana nayo. Gogo lenye jicho, tawi lililokauka na ufa ulioingia moyoni mwa mti, vyote vinapewa nafasi katika kazi. Lilanga aliurithi utaratibu huo, lakini alipiga hatua yake mwenyewe. Aliwatoa mashetani katika weusi wa mpingo akawatia katika miti laini na kuwapaka rangi kali. Akawapeleka pia katika ngozi ya mbuzi, batiki, michoro ya kuchapwa na vyuma. Vidole vya miguu viwili au vitatu, masikio ya mnyama, midomo iliyofunguka: hayo ni ya porini. Lakini wanayoyafanya ni ya kijijini. Wanabeba mizigo, wanapika, wanagombana, wanagawana.

Hapa ndipo penye thamani kuu ya kazi yake. Linganisha na vinyago vya tembo na twiga vinavyopangwa kando ya barabara za watalii. Katika vinyago hivyo maumbile hayana watu. Ni Afrika kama mtalii anavyoitaka, yaani mbuga tupu isiyo na mkulima, isiyo na mfugaji, isiyo na ugomvi wa maji. Kwa Lilanga, pori limeingia uwanjani kwa mtu, na mtu amebakiwa na pori ndani yake. Mkulima wa uwanda huu wa kati, anayelima kwa kuitegemea mvua moja ya mwaka, anauelewa ukweli huo bila kufafanuliwa.

SAFARI YA MAONYESHO

Sasa tuifuate kazi hiyo ilikokwenda. Lilanga alihamia Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaingia Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za mtawa wa shirika la Maryknoll, Jean Pruitt. Aliingia kwanza kama mlinzi. Mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, alikuwa amemtangulia. Vipaji vingi katika nchi yetu vimepita mlango huo huo wa ulinzi na ufagizi kabla ya kutambuliwa, na vingine havijatoka hapo.

Mwaka 1974 kazi zake zilionyeshwa katika kituo cha utamaduni cha Marekani jijini Dar es Salaam. Mwaka 1978 zikaonyeshwa Washington pamoja na za wasanii wengine. Baada ya hapo njia ilifunguka kuelekea Ulaya na Japani, na mkusanyaji mkubwa wa sanaa ya Afrika, Jean Pigozzi, akaziingiza katika hazina yake. Kilele kilikuwa onyesho la Africa Remix, lililokusanya wasanii wa bara zima. Lilianza Düsseldorf mwaka 2004, likaenda London na Paris mwaka 2005, Tokyo na Stockholm mwaka 2006, na likamalizikia Johannesburg mwaka 2007.

Msomaji na ahesabu mwenyewe: miji sita, na mmoja tu katika Afrika, nao ukiwa wa mwisho. Lilanga alipofariki Juni 2005, baada ya kuugua kisukari na kukatwa miguu, onyesho hilo lilikuwa Paris. Vinyago vilikuwa vimesimama katika ukumbi mkubwa wa Ufaransa, wakati mwenyewe hakuwa na miguu ya kusimamia. Silisemi hili ili kuamsha huruma. Nalisema kwa sababu ndilo umbo la uhusiano wenyewe: kazi inasafiri, mfanyakazi anabaki.

MAKOSA MAWILI YA FIKRA

Kutokana na hali hiyo huzuka makosa mawili, na kada anapaswa kuyakwepa yote.

Kosa la kwanza ni la wale wanaosema kwamba msanii anayeonyesha nje amejiuza kwa mabeberu. Msimamo huu una sauti kubwa lakini hauna uchambuzi. Lilanga alikuwa na familia ya kulisha. Onyesho lake la mwaka 1974, hapa hapa nchini, lilifanyika chini ya paa la taifa lingine kwa sababu paa hilo ndilo lililofunguliwa. Anayemlaumu aeleze kwanza ni ukumbi gani wa kwetu alioukataa. Wala si kweli kwamba mtazamaji wa Tokyo au Stockholm ni adui. Kinyago kinachomfanya mfanyakazi wa nchi ya mbali amtazame Mtanzania kama mtu mwenye akili na kejeli kimefanya kazi ya ukombozi.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu limejificha. Ni la wale ambao hawakumjua Lilanga mpaka Paris ilipomjua, na hata sasa wanamheshimu kwa bei yake tu. Hii ni kasumba. Katika hotuba yake ya mwaka 1962, alipounda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, Mwalimu Nyerere alionya kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko wa watu wasio na roho. Lakini anayesubiri mnunuzi wa ng'ambo ampe kibali cha kupenda kinyago cha Masasi bado hajajitawala katika jambo hilo.

JINA MOJA, MIKONO MINGI

Uchambuzi wa haki haumwachi msanii mwenyewe. Katika miaka yake ya mwisho Lilanga alifanya kazi na ndugu na wasaidizi, na vitu vingi vilitoka katika karakana yake vikiwa na sura ile ile: masikio yale, tumbo lile, kicheko kile. Katika kazi zake zilizo bora kicheko kina makali. Kinamsuta mlafi na mlevi. Katika kazi nyingi za baadaye kicheko kimebaki na rangi tu. Soko likishapenda kitu huagiza kirudiwe, na msanii mgonjwa mwenye watu wengi nyuma yake hawezi kukataa kwa urahisi.

Lakini tutofautishe mambo. Kuchonga kwa pamoja si kasoro. Ndio utaratibu wa asili wa karakana za Kimakonde, ambapo kijana hujifunza kwa kukaa karibu na mzee na kushika tezo yake. Kasoro iko sokoni, linalotaka jina moja likae chini ya kazi ya mikono mingi, kwa sababu jina moja hupandishwa bei kwa urahisi kuliko kikundi. Hivyo kazi ya ujamaa inaingia katika daftari la mnunuzi ikiwa mali ya mtu mmoja, na wale wengine wanatoweka. Chama kinachohubiri ushirika kilipaswa kuliona jambo hili mapema na kuwasaidia wachongaji kuandikishana, kugawana na kutambuliwa.

MALI ASILI YENYEWE

Tusisahau mti. Inakadiriwa kwamba mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia umri wa kuvunwa, anayeupanda hauchongi. Tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya mpingo na jamaa zake wote imewekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Huko Kilwa, vijiji vilivyopewa haki ya kumiliki misitu yao vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha uvunaji bora. Mfano huo unathibitisha kwamba anayemiliki msitu ana sababu ya kuutunza.

Sisi wa uwanda wa kati hatuhitaji kufundishwa maana ya ardhi iliyovuliwa miti. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa sababu makorongo yalikuwa yanakula mashamba, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa ili ardhi ipone. Kwa hiyo msanii anayechota katika maumbile na serikali ya kijiji inayohifadhi msitu wana shughuli moja. Kusifu kinyago huku tukichoma mkaa wa mpingo ni unafiki.

WAJIBU WETU WA DODOMA

TANU iliamua mwaka 1973 kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na tangu mwaka 2016 Serikali imehamia kweli. Majengo yameinuka Mtumba. Geolojia ina makumbusho yake hapa mjini, ambapo mwananchi anaweza kutazama mawe ya nchi yake. Ni jambo jema. Lakini jiwe lisilochongwa limepata nafasi kabla ya mti uliochongwa.

Wala tusidhani kwamba maonyesho ni kitu cha kuagiza kutoka Ulaya. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, imo katika mapango na vivuli vya miamba zaidi ya 150. Walioichora waliiweka mahali watu walipoishi, na baadhi ya mapango hayo yanatumika kwa matambiko hadi leo. Hapakuwa na kiingilio wala mnada. Wanyama na watu wamechorwa mahali palepale walipokuwa wakipita. Huo ni utaratibu wa maonyesho uliotutangulia kwa karne nyingi.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, majengo mapya ya umma yatenge sehemu ya gharama kwa milango, nguzo na vyuma vitakavyobuniwa na wachongaji wetu, kwa majina yao wote walioshiriki. Pili, katika viwanja vya Nane Nane pale Nzuguni, pamoja na mtama, alizeti na zabibu, mafundi wa vigoda, zeze, malimba na ngoma wa vijiji vya Ugogo wapewe banda lao kama wazalishaji, si kama watumbuizaji wa ufunguzi. Tatu, kazi za Lilanga na wenzake zilizobaki nchini ziletwe Dodoma kwa zamu, na ziende hadi shuleni.

Haya hayahitaji fedha za mfadhili. Yanahitaji kikao, uamuzi na mtu wa kuufuatilia. Kila kada anayesoma makala haya anaweza kuanza katika tawi lake kwa kuuliza: nani anachonga hapa kwetu, anachonga nini, na nani amewahi kukiona?

Mwanafunzi wa Mpwapwa bado ananidai jibu. Naandika ili deni hilo lisiwe langu peke yangu.