Jina la orkestra ni la nani?

Huku kwetu Mikelenge vijana wakipata gitaa mbili na ngoma, kazi ya kwanza si kutunga wimbo, ni kutafuta jina. Na mara mingi jina linatoka kwa yule aliyenunua spika. Tunacheka, lakini mambo haya hayakuanza leo.

Mwaka 1956, kule Léopoldville, akina Franco walikuwa wanapiga muziki katika OK Bar. Wakaitwa OK Jazz. Herufi zile mbili zilikuwa za mwenye baa. Baadaye zikasomwa «Orchestre Kinois», orkestra ya watu wa Kinshasa. Akili hiyo! Herufi zikabaki, mwenye baa akatoka ndani yake.

Dar es Salaam nako, NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kikibadilisha jina, bendi nayo inabadilisha: JUWATA, kisha OTTU. Leo inaitwa Msondo Ngoma. Jina hilo linatoka kwa ngoma yenyewe, si kwa ofisi.

Sasa angalieni Zaïko Langa Langa, iliyozaliwa Kinshasa tarehe 24 Desemba 1969. Zaïko ni «Zaïre ya Bankoko», Zaire ya mababu. Nchi yenyewe iliitwa Zaire mwaka 1971 tu, kwa hiyo wale vijana hawakungojea serikali iwapatie jina. Kwangu mimi hili njo jina lenye nguvu kuliko yale mengine: tangu siku ya kwanza halina bwana.

Mtu atasema: kukopa jina si kosa, hata Rolling Stones walichukua lao katika wimbo wa Muddy Waters. Ni kweli. Lakini wao walikopa kwa mtu waliyempenda, si kwa mtu aliyewalipa. Hapo njo kuna tofauti.

Tena jina ni mali. Wenge Musica ilipopasuka mwaka 1997, JB Mpiana na Werrason kila mmoja alienda na lake, lakini hakuna aliyekubali kuacha neno «Wenge».

Kwa hiyo, wadogo zetu, mbele ya kuandika jina kwenye banderoli, ulizaneni: siku mwenye spika atakuja kuzibeba, jina litabaki kwa nani?