Kutazama, Kutazamwa, Kutazamana: Falsafa ya Simone de Beauvoir katika Filamu ya Céline Sciamma

Kila mwaka hunifikia insha za wanafunzi ambamo falsafa ya Simone de Beauvoir imebandikwa juu ya filamu kama chapa juu ya gunia. Mwanamke akionewa, huandikwa ya kuwa yeye ni "Mwingine". Akimkimbia mumewe, huandikwa ya kuwa amepata uhuru. Na uchambuzi umekwisha. Makusudi ya makala haya ni kujaribu njia nyingine kwa kutazama filamu moja tu, nayo ni Portrait de la jeune fille en feu, yaani Picha ya Msichana Awakaye Moto, iliyotungwa na kuongozwa na Céline Sciamma wa Ufaransa, na kupewa tuzo ya utungaji katika tamasha la Cannes mwaka 2019.

Hadithi yenyewe si ndefu. Katika karne ya 18 mchoraji aitwaye Marianne aletwa kwa mashua hata pwani ya Brittany, ili amchore Héloïse, binti wa jumba, ambaye ametolewa katika nyumba ya watawa baada ya dada yake kufa. Picha itapelekwa Milano kwa bwana ambaye binti hajapata kumwona. Bwana akiridhika nayo, ataoa. Héloïse amekwisha kumkatalia mchoraji aliyetangulia. Kwa hiyo Marianne aagizwa ajifanye mwenzi wa matembezi tu, amwangalie binti kwa siri mchana na kumchora asipojua.

Sasa tuitazame falsafa. Hoja kuu ya de Beauvoir katika Le Deuxième Sexe, kitabu kilichotoka mwaka 1949, ni kwamba mwanamume amejiweka kuwa nafsi itendayo, na mwanamke akawekwa kuwa kile kinachopimwa kwa kulinganishwa naye. Lakini hapa ndipo wengi huteleza. De Beauvoir hasemi kwamba mwanamke amekuwa kitu. Asema ya kuwa ni mtu huru kama mtu awaye yote, naye atakiwa ajifanye kitu. Na taabu yake yote imo katika mgongano huo. Tofauti hii ni kubwa. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo, tulifundishwa kuanzia na makala ya Laura Mulvey ya mwaka 1975, yenye kueleza jinsi senema ya Hollywood inavyomfanya mwanamke kuwa sura ya kutazamwa. Makala hayo ni hodari katika kumchambua atazamaye. Juu ya yule atazamwaye, na yale ayawazayo wakati huo, hayana mengi ya kutuambia. De Beauvoir anayo.

Nasi tusemao Kiswahili tunacho chombo cha kulieleza jambo hili bila ya kuazima maneno mazito. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Wala mtoto mdogo hakosei. Tena tunayo kauli ya tatu, ya kutendana: wawili huoana. Simaanishi kwamba sarufi ndiyo iliyomfunga mwanamke (kupendwa nako ni kauli ya kutendwa, wala sijasikia mtu akilalamika). Nasema tu ya kuwa kauli hizi tatu zaonyesha njia ambayo filamu hii yapita.

Sehemu ya kwanza ni ya kutazama na kutazamwa. Héloïse aelezwapo siri na kuonyeshwa picha, aikataa kwa kuwa haina uhai wake wala wa aliyeichora. Na Marianne, kwa hasira, aifuta sura. Hapo Héloïse akubali kukaa achorwe, na mama yake aondoka kwa siku tano. Yuko mbele ya mchoraji, ametulia, na Marianne amhesabia ishara zake ndogo: afanyavyo akiona haya, afanyavyo akiudhika. Ndipo Héloïse amwita aje asimame karibu naye, atazame kutoka upande ule, kisha naye amhesabia Marianne ishara zake, moja baada ya nyingine. Mchoraji ashtuka. Muda wote alidhani ni yeye peke yake aliyekuwa na macho. Sijui filamu nyingine ya miaka hii iliyoonyesha kwa uchache wa maneno namna hii jinsi kutazamwa kunavyogeuka kuwa kutazamana.

Huyu aliyekubali kuchorwa, je, amekubali kuolewa? Marianne amlaumu kana kwamba ameridhia, na Héloïse akasirika, kwa haki. De Beauvoir alipambanua baina ya mtu aliyekubali kushushwa, na hilo aliliita kosa la nafsi yake, na mtu aliyeshushwa na wengine, na huo ni udhalimu. Wahakiki wanaomwita Héloïse mwoga wamerudia kosa la Marianne. Bwana wa Milano hatumwoni hata mara moja katika filamu nzima; walakini kila rangi inayopakwa yapakwa kwa ajili ya macho yake.

Pamoja nao yuko Sophie, mtumishi. Mama asipokuwapo, Sophie hukaa akitarizi maua, na wale wawili wakashughulika na chakula. Sophie ana mimba asiyoitaka, nao wampeleka kwa mwanamke wa kijijini aitoe. Marianne ageuza uso. Héloïse amwambia atazame. Usiku huohuo Héloïse amtaka achore waliyoyaona. Kwa Wafaransa jambo hili lina kumbukumbu: mwaka 1971 de Beauvoir alikuwa miongoni mwa wanawake 343 waliotia sahihi tangazo la kukiri kwamba walikwisha kutoa mimba, wakati sheria ingali inakataza.

Lakini hapa ndipo nina shaka na filamu. Mama arudi, na usawa wa jikoni wakoma. Miaka yapita: Marianne amwona Héloïse katika picha pamoja na mtoto, na tena katika ukumbi wa muziki, akilia na kutabasamu kwa muziki wa Vivaldi. Wawili hawa wamepewa mwisho wao, tena mzuri sana. Sophie hatujui alikwenda wapi. De Beauvoir mwenyewe aliandika ya kuwa mwanamke tajiri hushikamana na mwanamume wa tabaka lake kuliko na mwanamke mfanyakazi. Sciamma amelivunja hilo kwa siku tano, kisha hakulirudia.